Viatu vya Kushoto Tu

Oleta Crabtree alikuwa hajui kusema uongo, na mjini Hadley, mashariki mwa Oklahoma, watu walimhurumia kwa hilo kama wanavyomhurumia mtu mwenye goti bovu. Walilijua tangu akiwa na miaka tisa, siku alipomngoja mchungaji mlangoni mwa kanisa, akampa mkono kwa adabu zote, akamwambia kwamba mahubiri yalikuwa mazuri, na kwamba hata mwezi Machi alipoyatoa mara ya kwanza yalikuwa mazuri vilevile. Mama yake alimvuta sikio mpaka kwenye gari. Haikusaidia kitu. Baadaye alipika chakula cha shule kwa miaka ishirini na miwili, na kila mzazi aliyemuuliza mwanangu anakulaje aliambiwa anavyokula, na anavyowapokonya wenzake. Mumewe Garland alipofariki, ndugu walimwomba aseme mawili matatu kanisani. Alisimama mbele ya jeneza, akalia kwanza, maana alimpenda kwelikweli, kisha akapangusa pua na kusema, "Alikuwa mume mwema sana kuanzia saa sita mchana." Wote waliowahi kukutana na Garland asubuhi waliitikia amina.

Mtu wa namna hiyo ukitaka kumpa kazi, mpe ya kuhesabu misumari ghalani, mbali na watu. Kaunti ilimpa kazi ya kuandika kadi za mbwa.

Kituo cha wanyama cha kaunti kiko nje kidogo ya mji, nyuma ya uwanja wa magreda. Kina vizimba arobaini, na kwenye mlango wa kila kizimba hutundikwa kadi yenye jina la mbwa, aina yake, umri wake na maneno machache ya kumnadi. Msimu ule wa mapukutiko, katika vizimba arobaini, thelathini na vinne vilikuwa na pitbuli, aina ile ya mbwa inayoogopwa na watu. Huwezi kuishi Hadley usijue kwa nini. Kijana hununua mtoto wa pitbuli ili aonekane mtu wa kuogopwa. Miezi sita haijapita, mbwa wa kuogopwa analala kitandani kwa bibi, kajifunika blanketi, anatetemeka kwa radi. Hakuna anayemhasi, kwa sababu wanaume wa Hadley wakilisikia tu neno hilo hubana miguu yao wenyewe. Basi wanazaliwa tisa, wanagawiwa ndani ya boksi mbele ya duka la vyakula, wanakua, na siku moja familia inahama. Mwenye nyumba mpya anasema mbwa wa aina hiyo hamtaki, na kampuni ya bima inasema haitaki hata kumsikia. Anaishia kwa Oleta, na wiki inayofuata wanaletwa ndugu zake.

Na wote ni wa kijivu. Wote wana doa jeupe kifuani na kichwa kipana kama tofali. Ukiwapanga mstari, hata mama aliyewazaa angeomba aambiwe nani ni nani. Majina ya watu yalimwishia Oleta mwaka wa pili, majina ya vyakula mwaka wa tano, ndipo akachukua katalogi ya duka la vifaa vya ujenzi akaanza ukurasa wa kwanza. Msimu ule kituoni kulikuwa na Nyundo, Msumeno, Bisibisi, Parafujo, na Koleo wawili, Mkubwa na Mdogo.

Sasa, vituo vingine vina ujanja wao. Mbwa akiletwa, kichwa tofali, kifua pipa, wao huandika kwenye kadi "Labrado chotara", yaani damu ya yule mbwa mpole anayependwa na kila mtu, na siku mbili baadaye kuna mtu anampeleka nyumbani akiwa na karatasi ya kumwonyesha mwenye nyumba. Nchi nzima inafanya hivyo. Ukizisadiki kadi, Marekani ina Labrado wengi kuliko watu. Oleta hakutaka hata kusikia. Kadi zake aliziandika kwa mkono, kwa herufi kubwa za mpishi wa shule, hivi:

MSUMENO. Pitbuli. Miaka minne. Anakoroma. Anachukia wanaume wawili tu hapa mjini, na nikiwafikiria vizuri sioni alipokosea.

PARAFUJO. Pitbuli. Miaka miwili. Hujamba akifurahi. Hufurahi mara nyingi.

Kadi hizo zilimpa jina mpaka kaunti za jirani. Jumamosi watu walikuja na familia zao, wakasoma safu nzima, wakacheka mpaka wakashikana mabega, wakapiga picha, wakapanda magari yao na kwenda kula kuku wa kukaanga. Mbwa walibaki. "Bi Oleta," alizoea kusema Lonnie Pogue, mfanyakazi wa vizimba, mwanaume mnene wa miaka arobaini na ushei aliyekuwa na pitbuli watano nyumbani kwake na ndevu zilizojaa manyoya yao, "wewe unaandika vichekesho. Watu hawabebi kichekesho wakakilaza sebuleni."

Mmoja wa wasomaji hao alikuwa mzee mrefu mwenye magongo mawili, mguu mmoja hana, kofia yake ya kampuni ya mbegu imepauka mpaka maandishi hayasomeki. Alikuja kila Jumamosi saa nne. Alianzia kizimba cha kwanza, akasoma kadi moja moja midomo ikimchezacheza, akafika cha kumi na saba, akasimama pale muda mrefu, akasema "hm", akaondoka. Hakuwahi kuuliza swali, wala kusalimia kwa zaidi ya kugusa kofia. Oleta alimweka kwenye kundi la wanaokuja kucheka, ingawa huyu hakuwahi kucheka.

Kizimba cha kumi na saba kilikuwa cha Bawaba. Aliletwa katikati ya Aprili, amefungwa kamba ya kuanikia nguo, na kuanzia siku ile Oleta alikuwa na udhaifu naye, jambo ambalo yeye mwenyewe alilisema wazi kwa yeyote aliyeuliza na kwa wengi wasiouliza. Kadi yake ilisema:

BAWABA. Pitbuli mtupu, asikudanganye mtu. Miaka mitatu. Anaruka uzio wa futi nne. Wa futi tano anaufikiria. Anaogopa radi, ufagio wa umeme na bata. Anakula viatu vya kushoto tu. Vya kulia havigusi, tumejaribu. Ukiwa na huzuni anakuja kukukalia miguuni, na ni mzito.

Oleta angemchukua siku ya kwanza. Lakini tangu Garland afe alikuwa akiishi kwenye nyumba za wazee za kanisa, ambako mbwa haruhusiwi kuzidi ratili ishirini na tano, na Bawaba alikuwa na sabini bila ya ukanda wa shingoni. Mle ndani aliruhusiwa paka mmoja, naye alikuwa naye, na hawakupendana.

Jumanne ya wiki ya pili ya Novemba, Marla Fixico, msimamizi wa kituo, aliwaita wote wawili kwenye chumba cha dawa. Marla ni Mmuskogi, mwenyeji wa asili wa pale pale, mwanamke wa sauti ya chini ambaye kila mara daktari anapolazimika kumchoma mbwa sindano ya mwisho hujifungia stoo na kutoka macho mekundu, akisema ni vumbi la chakula cha mbwa.

"Jumatatu wanakuja kumi na wawili," alisema. "Amri ya mahakama, wametolewa kwenye shamba moja huko kusini. Nimepiga simu mpaka Kansas kuwaombea nafasi wa kwetu. Nimepata. Nimebanabana. Kizimba kimoja bado kinakosekana."

"Pitbuli?" Lonnie aliuliza.

"Wewe ulidhani watakuwa twiga?"

Kanuni ya kaunti waliijua wote: nafasi isipopatikana, anaondolewa aliyekaa siku nyingi kuliko wote. Jumamosi ile Bawaba angetimiza siku mia mbili na kumi na nne. Hakuna aliyemkaribia.

"Daktari anakuja Jumatatu saa moja asubuhi," Marla alisema. "Tukifunga geti Jumamosi saa kumi jioni na bado yuko hapa, basi." Akaanza kupekua chupa zilizokuwa tayari zimepangwa.

Lonnie alimgeukia Oleta. "Bi Oleta, nakuomba kwa heshima zote. Andika Labrado."

"Huyo akiwa Labrado, mimi ni bibi harusi."

"Hakuna anayekuomba uape mahakamani! Ni kikadi tu!"

"Ni kikadi chenye mwandiko wangu."

"Basi na kimwue na mwandiko wako mzuri!" Lonnie alisema, kisha akaona alichosema, akavuta ndevu. "Samahani, mama. Lakini ndivyo ilivyo. Umeandika kwamba anakula viatu. Nani anakwenda kutafuta mbwa wa kumlia viatu?"

Oleta hakujibu. Jumatano hakujibu, Alhamisi akajibu watu wengine kwa ukali wasioustahili. Ijumaa, baada ya kula mkate wake na saladi ya mayai bila hata kuionja, alichukua kadi mpya na kalamu, akajifungia ofisini. Alikaa humo dakika arobaini. Alipotoka alikuwa amepauka, na kadi ilisema:

ASALI. Labrado chotara. Mpole, mtulivu, anapenda watoto. Hana tatizo lolote.

"Maneno kumi, na la kweli ni 'mpole' peke yake," alisema. "Hata na watoto, hupenda soksi zao kuliko wao." Kadi ya zamani alishindwa kuitupa, akaiweka kwenye mkoba wake katikati ya Biblia ndogo na dawa za presha.

Lonnie hakufanya kazi nusu. Alimwosha mbwa kwa shampuu ya binadamu, akamfunga kitambaa cha maua shingoni, akamhamishia kizimba cha kwanza karibu na mlango, pale wanapowekwa wanaotakiwa kuonekana. Cha kumi na saba akamtia Nyundo. Nyundo naye ni wa kijivu, ana doa jeupe kifuani.

"Na kuanzia sasa," Lonnie alisema, akinyoosha kidole, "hapa hakuna Bawaba. Akiuliza mtu, kuna Asali. Tumeelewana?"

Bawaba aliketi ndani ya maua yake akiwatazama mmoja mmoja, kama mtu aliyevalishwa suti ya marehemu.

Jumamosi Oleta hakuweza kukaa mapokezi. Aibu ilimshika. Alijichimbia kwenye chumba cha kufulia akikunja mablanketi ambayo hayakuhitaji kukunjwa, na kila mlango ulipolia alisimamisha mikono. Saa tatu na nusu alimsikia mwanamke mmoja, mama wa mapacha, akisoma kadi kwa sauti. "Labrado," mwanamke alisema. Kikapita kimya, bila shaka cha kukitazama kile kichwa. "Na mimi nina kiuno cha nyigu." Watoto wakacheka, mlango ukalia tena, wakaenda zao.

Wengine walipita bila kusoma mpaka mwisho. Ilikuwa kadi kama kadi zote za dunia. Hakukuwa na cha kucheka ndani yake, wala cha kukumbuka ukifika kwenye gari.

Saa saba mchana njaa ilimtoa Oleta mafichoni. Ukumbi ulikuwa mtupu. Lonnie alikuwa ameegemea kaunta akila mahindi ya kukaanga, na juu ya kaunta kulikuwa na gunia la chakula cha ng'ombe, limefungwa kwa kamba.

"Hili nini?"

"Kaliacha yule mzee wa magongo. Kasema lipewe mbwa yeyote atakayelipenda."

Oleta alifungua kamba, akatia mkono, akatoa buti la ngozi la kahawia. Lilikuwa jipya kabisa, soli haijagusa hata udongo. Akatoa kiatu cheusi cha kanisani. Kipya. Akatoa buti la mvua, raba nyeupe, ndara ya kuogea, buti jingine, kiatu cha kanisani kingine. Alivipanga juu ya kaunta kimoja kimoja, na kadiri mstari ulivyorefuka ndivyo mikono yake ilivyokwenda polepole. Vyote vilikuwa vya kushoto.

"Lonnie," alisema. "Yule mzee hana mguu gani?"

"Wa kushoto. Si Elvin Tarpley huyo, wa barabara ya kinu? Ulikatwa na mashine ya kufunga majani, mwaka ule wa ukame. Magongo tu, wa bandia alisema unamwasha. Mbona kila mtu..." Lonnie aliacha kutafuna.

"Alisema nini? Niambie neno kwa neno, na usitie chumvi."

"Alikwenda cha kumi na saba kama kawaida yake. Akakaa. Akarudi akaniuliza, Bawaba yuko wapi. Nikamwambia hapa hakuna Bawaba." Sauti yake ilianza kuishiwa nguvu. "Nikamwambia tuna Asali, Labrado, hana tatizo lolote."

"Akafanyaje?"

"Akavua kofia."

"Akavua kofia."

"Akasimama nayo hivi kifuani. Nikadhani ni joto. Kisha akaweka gunia hapo, akasema hayo niliyokwambia, akaondoka. Bi Oleta, usinitazame hivyo! Si wewe uliyeandika!"

Na huo ulikuwa ukweli mtupu. Moyo ulimwuma mpaka kwenye meno. Mara moja katika miaka sitini na mitatu alikuwa amesema uongo, mara moja tu, kwa nia njema, na ulikuwa umemfukuza mtu mmoja pekee katika Oklahoma nzima aliyekuja kwa sababu ya ukweli. Alirudisha viatu guniani, akaenda kizimba cha kwanza, akamvua Bawaba kile kitambaa cha maua, akamtia kamba.

Marla alitoka ofisini. "Unampeleka wapi? Kuna fomu!"

"Nitaijaza nikirudi."

Marla alitazama gunia, akatazama uso wa Oleta, akachukua daftari. "Haya, nenda. Nitaandika ametoka kutembezwa."

"Usiandike uongo, Marla!"

"Anatembezwa kwa gari, Oleta. Ondoka!"

Gari la Oleta ni Buick ya Garland, pana kama kitanda, na kwa kuwa gia zinajibadili zenyewe mguu wa kushoto hauna kazi humo. Oleta ana kinundu kidoleni mguu huo, kwa hiyo kila akiendesha hukivua kiatu na kukisukuma pembeni. Ni desturi yake ya miaka mingi. Gunia la viatu alilifungia nyuma, kwenye buti la gari, kwa busara. Bawaba alimweka mbele, pembeni yake.

Kwenye makutano ya reli walikuta treni ya mizigo. Watu wa Hadley wamezeeka wakingoja treni ya mizigo. Oleta alihesabu mabehewa mpaka tisini, akaitazama saa ya gari, akaanza kumwambia Mungu kwamba amekosa, anajua, hana kisingizio, ila treni hii ni ya nini sasa. Alikuwa amezama hapo aliposikia sauti ya kutafuna, ya taratibu, ya mtu aliyepewa chakula safi na nafasi ya kukila. Alipogeuka, kilichobaki cha kiatu chake kilikuwa kisigino na kifungo chake cha chuma.

"Bawaba!"

Bawaba alimtazama kwa mapenzi makubwa, akasogea, akamkalia paja.

Nyumba ya Tarpley hukuweza kuikosa, kwa sababu ya uzio. Ulikuwa mpya, mbao bado za manjano, futi sita kamili, umeizunguka nyumba ndogo nyeupe pande zote nne. Nguzo tatu za kwanza kutoka barabarani zilikuwa zimepinda, kila moja kwa upande wake. Ya nne ilikuwa afadhali. Kuanzia ya tano zilinyooka, zikaenda hivyo mpaka nyuma ya nyumba. Mashimo yake mtu alikuwa ameyachimba ameegemea gongo moja. Oleta alizima gari akakaa kidogo bila kushuka.

Elvin Tarpley alikuwa amekaa kwenye ngazi za baraza, magongo yamelala pembeni, kofia juu ya goti. Alipomwona mwanamke anashuka alianza kuyatafuta magongo ili asimame.

"Kaa, bwana, usisumbuke," Oleta alisema kutoka getini. "Mimi ni Oleta Crabtree. Wa kadi."

"Najua ni wewe." Sauti yake ilikwaruza, sauti ya mtu asiyekuwa na wa kuzungumza naye. Macho yake yalishuka mpaka miguuni mwa Oleta, yakakaa hapo. Mguu wa kulia ulikuwa na kiatu cha bluu. Wa kushoto ulikuwa na soksi, na soksi ilikuwa na tundu. "Mama," alisema, "kiatu chako kingine kiko wapi?"

"Kimeliwa."

Mzee hakutikisika.

"Cha kushoto?"

"Cha kushoto."

Elvin Tarpley aliichukua kofia yake gotini, akaivaa.

Oleta alirudi garini akafungua mlango wa upande wa pili. Bawaba aliruka chini na kile kifungo cha chuma bado kimening'inia mdomoni, akatazama uzio. Aliutazama kutoka chini mpaka juu. Akaufikiria. Kisha akaamua kupita getini kama watu wengine, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ngazi, akageuka, akaukalia mguu pekee wa mzee Tarpley kwa ratili zake zote sabini.

"Ni mzito," mzee alisema. Alikuwa akitazama upande wa barabara, kidevu kinamcheza.

"Niliandika."

"Uliandika."

Oleta alikuja akakaa ngazi ya chini yake, akaukunja mguu wenye soksi. "Bwana Tarpley, nimekuja kuungama. Nilisema uongo. Ile kadi ya Asali niliiandika mimi. Tuliambiwa Jumatatu atachomwa sindano, nikaogopa, nikaandika Labrado. Alikuwa pale pale mlangoni ulipoingia."

"Niliisoma. Nilianzia cha kwanza, kama siku zote."

"Na hukumtambua?"

"Mama, wote wale ni mbwa mmoja," mzee alisema. "Mimi nilikuwa nawatambua kwa maneno yako. Nikasoma, hana tatizo lolote. Nikajiambia, sasa mbwa asiye na tatizo lolote atakaa na mimi kwa kazi gani?"

Oleta alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akajipangusa kwa kiganja bila kuficha. "Tangu Aprili unakuja. Kwa nini hukusema neno? Ungesema tungemwekea!"

"Kadi ilisema anaruka futi nne. Sikuwa na uzio." Aliuonyesha kwa kidevu, kana kwamba jambo liko wazi. "Nguzo ishirini na tisa. Nachimba moja kwa wiki, Jumamosi nakuja kuhakikisha kama bado yupo. Nimemaliza juzi Alhamisi. Singeweza kuja kuomba mbwa na mahali pa kumweka sina."

"Na viatu?"

Mkono wa mzee ulikuwa umeshafika kichwani kwa Bawaba na ulikuwa ukikwangua nyuma ya sikio, mahali penyewe hasa.

"Dukani hawauzi kimoja. Miaka kumi na tisa nanunua jozi, nyumbani kinavaliwa kimoja. Nilitaka kuvitupa, Wilma akakataa. Mke wangu. Akasema viweke kabatini, huenda siku moja vikapata mtu. Nilikuwa namcheka kila nikinunua vingine. Amefariki miaka minne sasa, na kabati halifungi." Alikohoa. "Siku niliyoisoma kadi yako ile mara ya kwanza nilitoka nje nikakaa ndani ya gari nusu saa. Sikuweza kuwasha."

Oleta alinyanyuka, akaenda kufungua buti la gari, akalivuta gunia mpaka chini ya ngazi na kulimwaga kwenye majani. Bawaba aliinuka. Alinusa buti la mvua, akanusa la ngozi, akalizunguka rundo zima mara mbili, mkia ukimpiga mbavuni, halafu akachagua kiatu cha kanisani, kile cheusi, akakibeba hadi kivulini, akalala nacho katikati ya mikono na kuanza kukitafuna tangu kwenye kamba.

"Hicho nilikivaa siku ya kumzika dada yangu," Elvin Tarpley alisema. "Namaanisha mwenzake." Na kwa mara ya kwanza tangu Aprili Oleta alimsikia akicheka, kicheko chenye kutu, cha kuanzishwa mara mbili tatu ndipo kishike.

Fomu waliijaza pale pale, nyuma ya karatasi ya matangazo ya kanisa, Oleta akaisaini na kuandika saa: nane na dakika arobaini. Kabla hajaondoka mzee alimchagulia raba moja nyeupe ya kushoto, namba kumi na mbili, aendee nyumbani. Mguu wa Oleta uliogelea ndani yake. Alipofika getini, mzee alimwita, akamfuata kwa magongo yake.

"Ile kadi ya kwanza. Mliitupa?"

Aliitoa mkobani. Ilikuwa imekunjika pembe moja na inanukia mafuta ya kifua. Mzee aliipokea, akaisoma yote tangu mwanzo, midomo ikimchezacheza kama Jumamosi zote, ingawa bila shaka aliijua kwa moyo. Kisha aliibana kwenye nguzo ya geti kwa msumari mmoja mdogo aliouchomoa kwenye utepe wa kofia, akaugongomea kwa kitako cha gongo.

"Una kalamu?"

Oleta alimpa. Mzee aliinama, akaegemea uzio wake, akatafuta ule mstari usemao anakula viatu vya kushoto tu, na pembeni yake, kwa herufi za mtu aliyeacha kuandika zamani, akaongeza neno moja: Vipo.